Kila kitu kilikuwa kinapita kwenye simu ya mtu mmoja

Beringi iliyotufanya tupange kampuni yetu upya ilikuwa ya shilingi 3,800. Bei naikumbuka manake risiti niliibandika ukutani ofisini kwangu na mpaka leo iko pale, imeanza kugeuka njano. Ilikuwa 2021, saa nane za usiku, mashini ya kusukuma sabuni ikaanza kulia kisha ikasimama kabisa, fundi wa zamu akafungua akaona beringi imevunjika. Duka analijua, namba ya beringi anaijua, na mwenye duka ni jirani yake huko Magongo, angemgongea angemfungulia. Lakini kiwandani usiku ule hakukuwa na mtu mwenye ruhusa ya kutoa hata hiyo 3,800. Ruhusa ilikuwa kwa tajiri, yani mwenye kiwanda, na tajiri amelala, simu amezima, nani atathubutu kwenda kumgongea mlango saa nane? Watu 24 wakakaa chini mpaka saa mbili asubuhi, na sabuni iliyokuwa ndani ya mashini ikaganda ikawa ya kuchongwa kwa patasi.

Nilipofika asubuhi wengine nikawakuta wamelala wamejifunika magunia, fundi amekaa peke yake na ile beringi mkononi. Akaniambia, dada, mimi nilikuwa na elfu tano zangu mfukoni, lakini mwaka jana nilinunua belti kwa pesa yangu nikaulizwa nani alikutuma, na kurudishiwa nikarudishiwa baada ya miezi miwili. Sikuwa na la kumjibu. Aliyemuuliza nani alikutuma ni mimi, wakati huo nilikuwa nashika hesabu, na ile miezi miwili pia ilikuwa ni mimi.

Sasa nieleze kidogo tulikuwa wapi. Kiwanda kiko Changamwe, hapa Mombasa, twatengeneza sabuni za mche, zile ndefu unazokatiwa kipande dukani. Tajiri alianza na sufuria moja kubwa ya kupikia na watu kama 40, mimi nikaja tukiwa 60 hivi, kufika 2021 tulikuwa 170 pamoja na vibarua, sufuria tatu, laini mbili za kukata na kupiga mhuri, malori yanapanda Nairobi na mengine yanavuka Malaba kuingia Uganda. Pesa ilikuwa inaingia na oda zilikuwa zinatushinda, na tajiri alikuwa ashaanza kutafuta shamba Mariakani la kiwanda cha pili, manake Changamwe pale hata pa kugeuzia lori ni shida.

Lakini mpango wa ndani ulikuwa ni ule ule wa watu 40, yani kila mtu yuko chini ya tajiri. Sisemi hivi kwa kumlaumu. Yule mzee anajua majina ya watoto wa wafanyakazi wake, ukifiwa anakuja matangani kabla hujamaliza kupiga simu, na ndo alivyojenga kiwanda, kwa macho yake na mdomo wake. Mkiwa 40 hiyo ndo nguvu yenu, mtu anauliza anajibiwa hapo hapo. Mkiwa 170 inakuwa foleni. Alikuwa na simu mbili, moja iko sikioni nyingine inaita, na mlangoni kwake watu wanne wamesimama na karatasi, huyu ataka sahihi ya dizeli, huyu ataka likizo, huyu ataka kujua lori la Voi litoke kwanza au la Malindi, na wote hao wakisimama kuna mashini mahali nayo imesimama.

Baada ya ile beringi tukakubaliana lazima kampuni ipangwe upya kabla ya kwenda Mariakani. Wakaletwa washauri kutoka Nairobi, wakakaa nasi wiki tatu, wakatuandalia chati nzuri sana yenye masanduku 19 na mistari, kila sanduku na cheo. Tukaajiri meneja wa uzalishaji, tukaajiri msichana mkemia wa maabara, tukaajiri mtu wa HR, yani wa mambo ya wafanyakazi. Chati ikatiwa fremu ikatundikwa pale pa kusaini asubuhi. Na mimi niliiamini, nilisimama mbele ya wafanyakazi nikawaelezea sanduku moja moja.

Ile chati ilikuwa imegawa vyeo tu, maamuzi haikuyagusa. Fundi akitaka beringi sasa alikuwa amwambie supavaiza, supavaiza amwambie meneja, meneja ampigie tajiri. Foleni ni ile ile ila imeongezwa vituo viwili njiani. Na kuna mtu mmoja hakuwa na sanduku.

Huyu nitamwita Mzee tu, ndivyo sote tulivyokuwa tukimwita. Alikuwa mpishi wa sabuni tangu sufuria ya kwanza. Kwa asiyejua, sabuni hupikwa kwa mafuta, sisi twatumia mawese, na kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye maji. Kilo 100 za mawese zinakula kostiki kama kilo 14 hivi, lakini hiyo ni ya kwenye karatasi, mafuta hayafanani, tangi hili na lile ni tofauti, na ukizidisha kostiki ile sabuni inakula ngozi. Mzee alikuwa anachota kidogo na mwiko mrefu, anakipuliza kipoe, anakisugua baina ya kidole gumba na cha shahada mpaka kifanye ganda jembamba kama karatasi, analiangalia kwenye mwanga, halafu anagusisha ncha ya ulimi. Ikichoma kidogo anajua kostiki imezidi anaomba mafuta yaongezwe, ikiteleza tu na kubaki mafuta mafuta anajua bado. Miaka 20 anafanya hivyo na sijapata kusikia amekosea. Kwenye chati mpya akaandikwa msaidizi wa upakiaji, manake kazi yake ya kupima ilikuwa imepewa maabara, na hakuna aliyekaa naye kumwambia, aliona jina lake kwenye karatasi kama watu wengine.

Februari 2022 wakavuta mafuta kutoka chini kabisa ya tangi, yalikuwa na maji. Ukipima kilo unaona kilo zimetimia, kumbe ndani yake kuna maji, kwa hiyo kostiki uliyopima kwa kilo hizo inakuwa nyingi kuliko mafuta yaliyopo. Mzee alikuwa anapita akasikia sufuria inavyorusha, akasimama, akasema mafuta haya yana maji, msitie kostiki yote. Supavaiza, kijana mgeni, akamjibu kwa heshima tu, Mzee, wewe sasa uko upakiaji. Basi akaenda zake upakiaji. Sampuli ikapelekwa maabara, ikangoja fomu, fomu ikangoja sahihi, na wakati yule msichana anatia matone yake na kuona rangi ya waridi imekolea, dalili kwamba kostiki imezidi, sabuni ilikuwa ishapita laini, ishakatwa, ishapigwa mhuri, na katoni nyingine zishapanda lori.

Siku ya nne akaja mama mmoja muuza duka wa Kongowea, tunamjua, mteja wetu wa miaka, amekuja na mwanamke mwingine anayefulia watu nguo. Hakupiga kelele. Akamwambia mwenziwe, onyesha. Yule mwanamke akafungua mikono. Baina ya vidole ngozi ilikuwa imebanduka, nyekundu, na viganjani kulikuwa na nyufa nyembamba nyembamba, na kwa mikono ile alikuwa bado anafulia manake asipofua hali. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe na kampuni ikamlipia mpaka akapona na siku alizokosa kazi, na tukazunguka Kongowea na Likoni na Mtwapa tukikusanya katoni moja moja, tukaipika upya yote na mafuta. Lakini ile mikono siisahau. Nikaenda nikaichomoa ile chati kwenye fremu.

Jumapili nikaenda kwa Mzee, Mikindani. Nikapiga hodi, nikamshikamoo, akanikaribisha barazani, mkewe akaleta kahawa na mahamri, na hatukutaja kazi karibu nusu saa, ndo adabu. Halafu nikamwambia, baba, nimekuja kukutaka radhi. Akakaa kimya muda. Akasema, binti yangu, kuhamishwa mimi sikukasirika, kazi ni kazi. Kilichoniuma ni kwamba nilijua na nikaondoka. Zamani singeondoka, ningesimama mbele ya ile valvu ya kostiki mpaka mniue. Lakini karatasi yenu ilishaniambia haya si yangu.

Hayo maneno nimeyabeba mpaka leo. Kuna watu kiwandani wanajua kitu, na kuna watu wana ruhusa ya kufanya kitu, na sisi kwa kupanga kwetu tulikuwa tumewaweka mbali wao kwa wao.

Hata hivyo tajiri alikuwa bado hajashawishika kuachia, mpaka ikaja Ramadhani ya mwaka ule ule. Kumi la mwisho yeye akaenda Umra. Ijumaa tarehe 22 Aprili 2022 serikali ya Indonesia ikatangaza itasimamisha kuuza nje mafuta ya mawese kuanzia tarehe 28. Indonesia ndo inayotoa mawese mengi kuliko nchi yoyote duniani, na vita vya Ukraine vilikuwa vishapandisha mafuta ya alizeti na mafuta yote mengine nyuma yake. Alasiri ile ajenti tunayenunua kwake akanipigia, akaniambia mzigo uko hapa hapa Mombasa kwenye matangi, nakupa kwa bei ya jana lakini mpaka magharibi tu. Pesa benki ipo, naiona kwenye kompyuta. Sahihi iko Makka. Nikampigia tajiri mara 14, nikampigia msafiri mwenziwe, nikatuma ujumbe, wapi, watu wako kwenye Msikiti wa Haram, kwenye ibada na ndo haki yao. Magharibi ikaingia, tukafuturu, mimi tende haikupita kooni.

Jumatatu bei ilikuwa nyingine kabisa. Kile kizuizi hakikudumu sana, Indonesia wakakiondoa tarehe 23 Mei, lakini katikati hapo sisi tulishanunua kwa bei iliyokula faida yetu ya miezi miwili, na wiki moja tukasimamisha laini ya pili kabisa vibarua wakarudi nyumbani karibu na Idi bila kitu.

Aliporudi nikaenda kumuona nyumbani kwake Tudor. Nikamwambia, ami, hili halikuwa kosa la mtu, ni vile tulivyopangwa. Akaniambia kitu ambacho miaka yote sikuwahi kumsikia akisema. Mwanangu, mimi nishaibiwa mara mbili, na mara zote ni watu niliowaamini, ndo maana kila shilingi lazima niione ikitoka. Ukiniambia niachie, niambie kwanza nitajuaje.

Pale ndo nikaelewa kwa nini ile chati isingeweza kufanya kazi hata ingekuwa nzuri namna gani, manake haikumjibu hilo swali. Yeye alikuwa hatafuti ukubwa, alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa na sababu. Kwa hiyo kazi yetu ikawa ni kumtafutia njia ya kuona bila ya kuombwa ruhusa.

Tulianza na daftari. Karani wake aliandika kila swali lililomfikia tajiri kwa siku 12 za kazi, awe amepigiwa, ametumiwa WhatsApp au ameletewa karatasi mlangoni. Yalifika 411. Tukakaa usiku tukayapanga mafungu kwenye meza. Maswali 236 yalikuwa ni kununua vitu vya chini ya shilingi 20,000. 71 ni likizo na advansi. 58 ni lori gani lianze na oda ipi ipakiwe. 29 ni mtu ashajibiwa na anauliza tena ili asije akalaumiwa. Yaliyokuwa yanamhitaji yeye kweli kweli, yani mkopo wa benki, shamba la Mariakani, mteja mkubwa anataka bei ya deni, mambo kama hayo, yalikuwa 17. Tajiri alichukua daftari akalisoma ukurasa kwa ukurasa na miwani yake, hakusema kitu, mwisho akaniuliza, yani hawa wote walikuwa wananisubiri? Nikamwambia ndio ami, walikuwa wanakusubiri.

Kama kuna mtu anapanga kampuni yake upya namsihi aanze na hilo daftari kabla ya kuchora sanduku hata moja. Linachosha, na watu watakuona kama unawapeleleza mpaka uwaeleze, lakini chati inakuonyesha unavyofikiri mko, daftari linakuonyesha mlivyo.

Baada ya hapo tukaweka viwango. Fundi wa zamu anaweza kutumia mpaka shilingi 10,000 kwa zamu moja bila kuuliza mtu, pesa iko kwenye sanduku storo, funguo mbili, moja kwake moja kwa storokipa. Meneja wa uzalishaji mpaka 100,000. Malighafi, mimi na meneja tukisaini wote wawili, mpaka kiwango tulichokubaliana na benki ikaandikiwa barua, na zaidi ya hapo ni tajiri. Na kila asubuhi saa tatu tajiri anapata karatasi moja, ukurasa mmoja tu, nani alitumia nini na kwa nini na risiti ziko wapi. Kwanza alikuwa anaisoma na kupiga simu tatu nne kuuliza. Mwezi wa pili simu moja. Sasa kuna siku anaiweka tu kwenye faili.

Na kila mtu mwenye watu chini yake tulimwambia aandike kwa mkono wake, juu ya ukurasa, mambo ninayoweza kuamua bila kumuuliza mtu. Hii ilitoa mengi kuliko vyeo vyote. Kuna supavaiza alirudisha karatasi tupu. Ana miaka tisa kazini, na hakuweza kutaja jambo hata moja.

Wiki ya tatu fundi mmoja akanunua belti isiyo yenyewe, shilingi 7,000 zikaenda bure, muuzaji akakataa kurudisha. Tajiri akataka ikatwe kwenye mshahara. Nikamuomba, nikamwambia ami, kiwanda kizima kinatuangalia sisi kwa hii belti, ukimkata huyu leo kesho maswali 236 yote yatarudi kwenye simu yako. Akalala nalo usiku mmoja. Asubuhi akamwita yule fundi, akamuuliza ulijifunza nini, yule akasema nitakuwa nikienda na belti ya zamani mkononi, akamwambia haya nenda. Habari ilifika mpaka kwa walinzi kabla ya chai ya saa nne, na naamini ile siku ndo kampuni ilibadilika, sio siku tuliyosaini viwango.

Mzee akarudi kwenye sufuria. Safari hii tulimwandikia, mpishi mkuu, na valvu ya kostiki ikatiwa kufuli, ufunguo mmoja anao yeye na mwingine msichana wa maabara, na yeyote kati ya hao wawili akifunga haifunguliwi mpaka wote wawili wakubaliane, hata meneja hawezi, hata tajiri. Meneja alinung'unika, nikamweleza kwamba kule Japani kwenye viwanda vya Toyota kuna kamba juu ya laini, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anaivuta, msimamizi anakuja, na shida isipotatuliwa kwa muda uliowekwa laini inasimama, na hao ndo waliotengeneza hizi Hiace zinazotubeba kila siku hapa Mombasa. Mzee na yule msichana walianza kwa kutazamana tu. Halafu Mzee akawa anampa ganda alisugue, naye anamwonyesha matone yanavyogeuka rangi, na maabara ikahamishiwa meza yake ikawekwa hatua kumi kutoka kwenye sufuria. Lile jambo la fomu na sahihi lilikufa lenyewe.

Upakiaji nako kulikuwa na kinamama karibu 50 chini ya nyapara mmoja, na hakuna binadamu anayeweza kusimamia watu 50 akawajua. Tukataka kuwagawa makundi ya watu kumi, kumi na mbili. Badala ya kuwachagulia viongozi nikawauliza mmoja mmoja, ukipata shida humu ndani unamwendea nani kwanza? Jina la mama mmoja likarudi mara 31. Kibarua, anaishi mtaa wa Bangladesh, hapa hapa Mombasa, miaka sita yuko mlangoni kila asubuhi akingoja kuchaguliwa. Ukiangalia vitabu vyetu, huyo mama hayupo, analipwa kwa siku, hana namba ya kazi.

Hilo likatufikisha kwenye sheria, na hapa niseme wazi manake viwanda vingi vinajua na vinanyamaza. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, huyo si kibarua tena, anahesabika mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Sisi tulikuwa na watu wa miaka sita. Tukawapa mikataba watu 64, na nilipopiga hesabu gharama iliongezeka lakini si kama tulivyoogopa, manake tulikuwa tukipoteza nyingi kwa kufundisha watu wapya kila msimu. Kamati ya usalama nayo, ambayo kwa sheria ya usalama kazini kiwanda chenye watu 20 na zaidi lazima iwepo, kwetu ilikuwa ya makaratasi. Yule mama sasa ndo mwakilishi wa upakiaji pale, na glavu tunazovaa leo ni za kuchagua yeye.

Kuna upande uliouma. Kazi zilizokuwepo kwa sababu ya foleni, foleni ikiisha nazo zinaisha. Makarani watatu kazi yao ilikuwa kubeba karatasi kutoka idara kwenda kwa tajiri na kurudi. Wawili tuliwapata nafasi, mmoja storo mmoja mauzo. Wa tatu, miaka 11, hakukupatikana kitu anachokiweza, na yeye hakutaka kwenda Mariakani. Tulifuata kifungu cha 40 cha ile sheria ya ajira, notisi ya mwezi kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba, malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza, na tajiri akaongeza yake juu. Siku ya mwisho akaja kuniaga, akanikabidhi faili zake zote zimepangwa kwa tarehe, akaniambia dada, mimi nilikuwa nadhani hizi zinasomwa. Nilimtazama mpaka akatoka getini. Kisheria tulikuwa sawa kila kitu. Lakini ningempata mapema, tangu ile siku tuliyoanza daftari, ningempeleka kujifunza kompyuta miezi sita na angekuwa bado yuko nasi. Sikuwaza hilo, nilikuwa nawaza masanduku.

Kuhusu jamaa za tajiri kupewa kazi, maana kila anayenisikia huniuliza, ndio, mtoto wa nduguye tajiri alikuwa mkuu wa ununuzi na hakuwa anauweza. Tajiri alijua kuliko sisi. Ikabidi mwenyewe akae na nduguye kwanza, kifamilia, kabla ya ofisi, wakazungumza baada ya Isha wiki mbili tatu, na kijana akatolewa ununuzi akapelekwa mauzo ya Uganda. Anasema Kiganda, anapenda watu, anapenda barabara. Pale alikuwa samaki majini. Jambo kama hilo ukilitangaza kwa barua ya ofisi unavunja nyumba mbili.

Mariakani tulifungua 2023 na sufuria moja, watu 45. Wakati ule ndo niliona faida ya kupanga kabla, manake tulipeleka viwango, daftari na kufuli, vyeo tukaviacha vingine mpaka watu wajuane. Shida yetu kule imekuwa maji, twanunua kwa bowza wiki nyingine, na yule meneja wa kule, ambaye ni fundi wa ile beringi, aliamua mwenyewe kununua matangi mawili ya akiba bila kunipigia mimi wala tajiri, ilikuwa ndani ya kiwango chake, niliona kwenye karatasi ya saa tatu kama tajiri alivyoona. Mzee huenda kule kila Jumanne na msichana wa maabara, wanapanda matatu pamoja pale Changamwe, na sasa kuna vijana wawili wanasugua maganda kwenye mwanga kama yeye.

Mahali tulipokwama mpaka saizi ni depo ya Nairobi. Ile depo tajiri aliifungua mwenyewe, watu wa pale aliwachagua mwenyewe kabla ya haya yote, na wakikwama kidogo wanampigia yeye, na yeye anapokea, anawajibu, mimi najua baada ya siku mbili kwamba lori limegeuzwa njiani. Nimemwambia mara mbili. Anasema ni mazoea, mwanangu, simu ikiita mkono unakwenda wenyewe. Mwezi ujao napanda na treni niende nikakae nao wiki mbili na lile daftari, na safari hii tajiri amesema atakuja pia, siku tatu za kwanza, na simu yake atampa karani ashike.